Vita vya Marekani Mezani Pangu

Nisifiche. Nilimwonea wivu yule mwalimu tangu Jumamosi ya kwanza alipoingia nyumbani kwangu Hail, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye meza yangu ya kulia, na mwanangu akamwambia, "Karibu, mwalimu, nimekungoja tangu asubuhi."

Kwa Kiswahili alimwambia. Miaka kumi na sita nnasema na mtoto huyu Kiswahili. Mama yangu, ambaye tunakaa naye, amembembeleza kwa Kiswahili cha Unguja tangu yumo kwenye nepi. Ukimuuliza jambo kwa Kiswahili alikuwa anakujibu kwa Kiarabu, na ukimbana anakujibu kwa Kiingereza cha skuli. "Nafahamu, mama, lakini ulimi haugeuki." Ndivyo alivyokuwa akiniambia. Kumbe ulimi unageuka, ila ulikuwa unamngoja mtu wa kuugeuza, na mtu huyo si mimi.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke Mkenya, Mkristo, umri wangu au chini yangu kidogo, anakaa Darsait katika fleti ya ghorofa ya tatu juu ya duka la vipuri vya magari. Nilielekezwa kwake na mwenzangu wa kazini, huko wizarani Al Khuwair. Mwanangu alikuwa kaanguka mtihani wa majaribio wa historia, na lililomwangusha lilikuwa somo moja tu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile Kaskazini na Kusini walivyopigana kwa ajili ya utumwa. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Sohar na hurudi mwisho wa wiki, akasema mtoto atafutiwe mwalimu. Mtafutaji nikawa mimi. Shimo nililichimba kwa mkono wangu.

Kwetu mgeni hupewa kahawa kwenye finjani ndogo. Mwenyeji kashika dele, birika la kahawa, mgeni akimaliza anajaziwa, akimaliza tena anajaziwa tena, mpaka mwenyewe aitikise ile finjani kidogo kwa vidole. Hapo mwenyeji anajua basi. Usipotikisa, huulizwi, unajaziwa tu. Mtoto wa miaka minne wa kwetu anajua hilo. Mwalimu hakulijua, na kwao amelelewa kuwa ukipewa kitu na mwenye nyumba unakimaliza, kukiacha ni dharau. Basi nikawa namjazia. Siku ile alikunywa finjani kumi na moja. Niliuona mkono wake ulivyoanza kutetemeka kwa ile kahawa, na nilijua neno moja tu lingemwokoa, na neno hilo nikalimeza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi siku hiyo nilipona kwa kumwona anakwenda msalani mara tatu. Mungu anisamehe.

Jumamosi ya pili mwanangu akamshika mkono. "Mwalimu, ukitosheka fanya hivi," akamwonesha kutikisa. Kisha akanitazama mimi. Nikarudi jikoni na dele langu.

"Huyu msichana ako na kichwa, madam," mwalimu aliniambia. "Shida ni moja tu. Amesomeshwa hii vita kama orodha ya kukariri. Hakuna mtu alimwambia ni stori ya watu."

Akaomba vitu vya jikoni. Kokwa za tende zikawa jeshi la Kusini. Karafuu, ambazo mama yangu hutia kwenye kila kitu mpaka dawa ya kikohozi, zikawa jeshi la Kaskazini. Finjani zilizopinduliwa zikawa miji, na taulo la vyombo likalazwa kuwa mto mkubwa. Mama yangu akatoka chumbani na tasbihi yake, akavuta kiti akakaa. Nilipokaribia na mimi kuvuta kiti, nikaona hakuna kilichobaki upande ule, nikakaa peke yangu upande wa pili kama mtu aliyekuja kuhojiwa.

Vita vikaenda Jumamosi baada ya Jumamosi. Alichaguliwa rais ambaye hakutaka utumwa uenee kwenye ardhi mpya, na majimbo ya Kusini, moja baada ya jingine, yakasema sisi tunatoka kwenye Muungano. "Muungano upi?" mama yangu akauliza, keshakaa mkao wa kusikiliza siasa, na mwanangu akacheka mpaka akaegemea bega la mwalimu. Bega lile nililiona. Halafu ngome moja iliyoko bandarini ikapigwa mizinga, na kila upande ukaamini mambo yatakwisha kwa wiki chache. Siku ya pigano kubwa la kwanza, mabwana na mabibi wa mji mkuu walitoka kwa magari ya farasi na vikapu vya vyakula, wakaenda kutazama.

"Kutazama watu wakiuana?" mama yangu akauliza.

"Na vitafunio, bibi," mwanangu akamjibu. "Kisha askari wa Kaskazini wakashindwa, wakakimbia, na watazamaji wakakimbia nao. Barabara ikaziba kama hii yetu ya Al Khuwair saa za kutoka kazini."

Hilo la barabara alilitunga mwenyewe, na alipokwisha kulisema alimtazama mwalimu kuona kama limempendeza. Zamani alikuwa akinitazama mimi.

Nikaanza vituko. Katikati ya somo napeleka matunda. Namwita mwanangu aje anisomee ujumbe kwenye simu, eti miwani siioni, na miwani iko kichwani. Ofisini nilikuwa nasoma vita hivyo kwa siri, faili la kazi nimelifungua mbele mkubwa akipita alione. Jumamosi moja nikasema, sauti nimeilegeza kama mtu ambaye mambo haya anayajua siku zote, "Lakini pigano la kwenye shamba la mahindi ndilo lililomwaga damu nyingi kwa siku moja kuliko yote."

"Ndiyo, mama," mwanangu akasema bila kuinua kichwa. "Hapo tumeshapapita."

Baada ya pigano hilo rais akatangaza kuwa watumwa wa majimbo yaliyoasi watakuwa huru. Mwalimu akaeleza taratibu kwamba tangazo liliwahusu wale walioko mikononi mwa waasi, ambako amri ya rais ilikuwa haifiki. Majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wake hakuyagusa.

"Kaachia asichokishika," mama yangu akasema, "alichokishika kakikamata vilevile."

Mwalimu akayaandika maneno hayo kwenye daftari lake. Mimi mama yangu ananiambia maneno kama hayo kila siku, na sijawahi kuyaandika.

"Lakini watumwa wenyewe hawakungoja karatasi, bibi," mwalimu akaendelea. "Walikuwa wanatoroka mashamba ya pamba na watoto mgongoni, wanafuata jeshi. Wanaume wakavaa sare, wakapigana. Watu husema waliachiliwa. Wengi walijiachilia." Akaokota karafuu moja mezani, akaigeuza kati ya vidole. "Kule ilikuwa pamba. Na hizi, bibi, kule Zanzibar ni nani alikuwa anazichuma?"

Aliuliza kwa wema. Najua sasa kuwa aliuliza kwa wema. Mama yangu akasukuma punje mbili tatu za tasbihi.

"Watu," akasema.

"Watu gani, bibi?" mwanangu akauliza.

"Watu wa shamba."

Nikaleta dele, nikawajazia wote, hata ambao hawakumaliza.

Nyuma ya meza ile kuna picha ukutani, ya zamani, imepigwa Unguja. Bwana mmoja mwenye ndevu kakaa kitini na jambia kiunoni. Pembeni yake msichana wa miaka kama kumi, kavalishwa dhahabu mpaka kipajini. Nyuma ya msichana kasimama mwanamke mweusi, amejitanda kanga, mkono wake uko begani kwa mtoto. Msichana ndiye mama yake baba yangu, na bwana ndiye baba wa msichana huyo. Wageni wakiuliza huyo aliyesimama ni nani, jawabu letu ni moja, yaya. Nilivyomjibu mwanangu alipokuwa mdogo ni hivyohivyo.

Si yaya. Ni mama yake yule mtoto. Alinunuliwa akiwa msichana, akawa suria wa yule bwana, akamzalia. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliniambia nilipokuwa na miaka kumi na sita, akaniapisha. "Mama yako hajui, wala asijue," alisema. "Kwao ni watu wa kutazama nasaba." Sheria haina ubishi, mtoto wa suria ni huru na kabila lake ni la baba yake. Ndimi za watu ndizo zenye ubishi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliwahi kumkataa mchumba wa mwanawe kwa neno moja alilonong'onezwa kuhusu bibi wa yule kijana. Wifi huyo kila Ijumaa anakula kwangu, amekaa chini ya picha ile. Kwa hiyo nilinyamaza, na kwa mwanangu pia nilinyamaza, nikisema nitamwambia akikua.

Basi skuli ikatoa kazi ya kufungia somo. Kila mwanafunzi asimame mbele ya wazazi, aeleze vita, kisha aoneshe kitu cha kwao kinachogusana na habari hiyo. Siku ya Jumatatu nikarudi nyumbani kutoka kazini nikakuta ukuta mtupu. Picha haipo, mwanangu hayupo, na mama yangu, ambaye kumpeleka kupimwa sukari huchukua wiki nzima ya kubembeleza, naye hayupo. Kwenye simu nikakuta maneno ya mwanangu: "Tuko kwa mwalimu."

Niliendesha gari mpaka Darsait nikipiga honi kwa watu wasio na kosa. Ngazi za ghorofa zile tatu nilizipanda kwa hasira, na mlango ulikuwa wazi nusu, harufu ya chapati inatoka. Mama yangu alikuwa kwenye sofa ya mwalimu, mguu kaupandisha, mkononi kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Alikuwa anazungumza kile Kiswahili chake cha ndani kabisa, ambacho hata mimi siku hizi simsikii nacho. Mwanangu kakaa chini, kidevu kakiegesha kwenye goti la bibi yake. Picha imelazwa mezani. Waliponiona wakanyamaza wote watatu.

Nimeshawahi kufiwa, nimeshawahi kutukanwa kazini, lakini kunyamaziwa kule kuliniunguza zaidi. Mama yangu na mwanangu, wote wawili, wamehamia kwa mtu.

"Umekuja kufundisha vita vya Marekani," nikamwambia mwalimu. "Vya nyumbani kwangu hakuna aliyekuomba."

"Pole, madam. Sikutaka kuingilia," akasema. Akaenda jikoni, akafunga chapati nne kwenye karatasi ya foili, akanipa. Nikazichukua, maana sikujua la kufanya na mikono. Moja niliila kwenye taa za barabarani. Ilikuwa laini, na hilo nalo liliniudhi.

Tulipokuwa njiani mwanangu, aliyekaa mbele pamoja nami na picha mapajani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu aliyesimama ni nani?"

Mama yangu alikuwa nyuma. Kwenye kioo nilimwona kageukia dirishani.

"Nshakwambia," nikasema. "Yaya."

"Sawa, mama," akasema, na hakuniuliza tena.

Nilikuwa na siku kumi kabla ya ile siku ya skuli. Nilijua vizuri kitakachotokea. Atasimama mbele ya watu aseme, huyu mwanamke sisi tulimmiliki, atuombee radhi, na itakuwa kweli, ila ni nusu ya kweli, maana huyo tuliyemmiliki ndiye aliyetuzaa. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Ulimi ulizuiwa na haya, na wifi yangu, na kiapo cha baba. Lakini zaidi ya yote, nitasema kweli, ulizuiwa na wivu. Nilifikiri, nikimwambia leo, kesho atalipeleka Darsait. Kila kilichokuwa changu kimeshakwenda kule, Kiswahili, mama, picha. Hili moja na libaki kwangu. Kusini walipigana miaka minne kwa kutotaka kuachia, na nilipokuwa nawasoma ofisini niliwaona wapumbavu.

Siku ikafika. Tulikaa safu ya tatu, mimi, mama yangu, mume wangu na wifi yangu, ambaye alijialika. Mwalimu alikaa pembeni mwa ukumbi, kwenye viti vya mwisho, na gauni lake la kanisani. Mwanangu akapanda jukwaani.

Alieleza vizuri, siwezi kumnyima. Alieleza zile siku tatu za pigano kubwa la Kaskazini, ambapo Kusini walivunjika mgongo. Alieleza mji wa juu ya mto uliozingirwa mpaka watu wakaishi mashimoni wakila nyumbu. Akaeleza jeshi lililokata Kusini likichoma mashamba na kung'oa reli mpaka likafika baharini, na watu weusi waliolifuata nyuma kwa maelfu. Kisha jemadari wa Kusini akakubali kushindwa, kwenye sebule ya mtu, nyumbani kwa mtu. Siku chache baadaye rais akapigwa risasi. Utumwa ukafutwa kwenye katiba, na walioachiwa wakatoka na uhuru wao bila ya ardhi ya kusimamia. "Vita vilikwisha kwenye karatasi," alisema kwa Kiingereza, "lakini majumbani watu waliendelea kuficha."

Akainyanyua picha. Nilishika mkono wa kiti.

"Mama yangu ameambiwa kuwa huyu ni yaya, na mimi akaniambia hivyohivyo," alisema. "Mama hakuambiwa ukweli. Huyu alinunuliwa, na huyu mtoto ni wake, na sisi tumetokana naye. Bibi yangu ndiye aliyenieleza, na aliogopa kumwambia mama, asije akaumia." Hapo akaacha Kiingereza, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, mbele ya ukumbi mzima, "Mama, huyu ni bibi yetu. Usione haya. Mimi sioni."

Nikalia. Watu wakadhani nalia kwa sababu ndiyo kwanza nimesikia. Mwanamke wa safu ya mbele akanipa kitambaa cha karatasi. Wifi yangu aliangalia simu yake, mume wangu akaniwekea mkono mgongoni, na mama yangu akaninong'oneza, "Nisamehe, mwanangu. Baba yako aliniambia tulipooana, akaniapisha nisikwambie wewe. Miaka yote hii nakuficha." Mtu mmoja tu katika ukumbi ule hakunihurumia. Mwalimu alikuwa ananitazama tu, na nikajua kuwa ameijua siri yangu.

Ningeweza kunyamaza. Ningekufa nayo, na mwanangu angebaki na mama aliyedanganywa, si mama mwongo. Tulipofika nyumbani aliirudisha picha ukutani, akaketi, na kwa furaha aliyokuwa nayo akaniomba kahawa, yeye ambaye hanywi kahawa. Nikamjazia finjani. Akanywa, nikamjazia ya pili. Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa, huyu hapa mbele yangu.

"Nlikuwa najua," nikasema.

"Unajua nini?"

"Huyo wa kwenye picha. Babu yako aliniambia, nna umri wako."

Aliishika finjani karibu na mdomo, hakuinywa. "Hata siku ile garini? Nilipokuuliza?"

"Hata siku ile."

Mama yangu chumbani alikuwa anajisomea adhkari zake, sauti inatufikia.

"Ni mwalimu aliyeniambia nikuulize," akasema mwisho, kwa Kiarabu. "Aliniambia, muulize mama yako kwanza, pengine anajua, mpe nafasi. Mimi nikabishana naye. Nikamwambia, mama angekuwa anajua, angeniambia."

Kahawa ilikuwa bado imo. Nilinyanyua dele kumjazia. Akanitazama, akaitikisa finjani kwa vidole, kama wanavyotikisa wageni, akaiweka mezani.